Jina Ulilomtajia Askari wa Lodwar

Akiru mwanangu,

Salamu nitaziruka, maana umelala hapa nyuma ya pazia na ninakusikia ukikoroma kama marehemu baba yako. Ukiamka ukanikuta naandika utanicheka. Lodwar si Ulaya. Lori likitoka hapa Kakuma asubuhi, saa ya chakula cha mchana utakuwa umeshafika shuleni na umeshaanza kulalamika kuhusu maharagwe yenye wadudu. Lakini yapo mambo ambayo mdomo wangu umeyakataa miaka yote hii, na leo mkono umekubali, kwa hiyo niache niandike kabla haujabadili nia.

Naandika kwa Kiswahili, kile nilichofundishwa na masista wa misheni mpaka darasa la saba, kwa sababu Kiturkana sijawahi kukiandika hata mstari mmoja. Na nikisema ukweli, Kiturkana kingenichoma zaidi. Kwa Kiswahili napata nafasi kidogo ya kupumua.

Mambo ya sabuni, ya kufua, ya kutoazima viatu, ya wavulana, sitayasema. Shangazi yako ameshayasema yote, mengine mara mbili, na nilikuona ukiitikia huku unahesabu nzi. Mimi nataka kukuambia habari ya bahasha.

Iko kwenye sanduku lako chini ya nguo, ile bahasha kubwa ya kaki. Unaijua na unaichukia. Ndani mna picha zako, moja ya kila Krismasi, umesimama pale pale mlangoni ili urefu wako uonekane. Mna karatasi yenye alama za vidole vyako, kwa wino nilioomba ofisini kwa chifu. Mna kadi ya kliniki, ile ya pili. Mna karatasi niliyoandikia mwili wako: kovu la mwiba juu ya goti la kushoto, alama nyeusi nyuma ya sikio, jino la juu lililompanda mwenzake, kidole kidogo cha mguu kinachojikunja kwa ndani. Kila mwaka nafuta na kuandika upya, kwa sababu mtoto hakai vile vile.

Krismasi iliyopita ulilia. Nilikuvua kiatu mbele ya mpiga picha wa sokoni, na marafiki zako wamesimama pale wanatazama, ili kile kidole kionekane. Ukaniambia, "Mama, mimi si mbuzi." Nikakukaripia mbele za watu. Ulikuwa na haki ya kulia. Mimi sikuwa na haki ya kukaripia, ila nilishindwa kusema kwa nini nafanya vile, na mtu akishindwa kusema hupandisha sauti.

Wewe una hadithi yako ya lori. Kila tukipata wageni unaisimulia, na unaisimulia vizuri: jinsi ulivyopanda lori la mahindi ukiwa mdogo, ukalala, ukaamkia Lodwar, askari akakununulia mandazi na chai ya maziwa, ukakaa kituoni kama mkubwa wa kituo mpaka Mama Achol akaja kukuchukua. Wageni hucheka. Mimi hapo hapo hukumbuka kwamba chai inafurika jikoni. Hujawahi kuuliza kwa nini alikuja Mama Achol na si mimi. Nimeishi nikiiogopa siku utakayouliza, na sasa nakujibu kabla haijafika.

Ulikuwa na miaka sita. Kambi ilikuwa mpya, watu wa Sudan walikuwa wakifika kwa miguu, na mahema yao yalizidi kuongezeka ng'ambo ya laga, ule mto wetu mkavu wa mchanga. Kwetu mvua ilikuwa imekataa. Mbuzi walikuwa wamekwisha isipokuwa wachache ambao baba yako aliwapeleka pande za Kaikor kutafuta majani. Mimi nilibaki na wewe, nikawa nauza kuni kambini. Lilikuwa jambo geni, mgeni kuwa na unga na mwenyeji kulala njaa, na wengi wetu liliwakasirisha. Mimi sikuwa hata na nguvu ya kukasirika. Nilibeba kuni.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mama Achol. Alinilipa kuni kwa vikombe vya mahindi, na kikombe chake kilijaa mpaka kumwagika. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani, na Kiarabu cha Juba kilikuwa kinakiingilia kila mahali, lakini tulielewana. Aliniambia habari za binti yake, Achol, rika lako. Walipokimbia risasi kwenye kivuko cha mto, Achol alikuwa ameshikwa mkono na shangazi yake, na umati ukawagawa. Mama Achol alifika Kakuma peke yake. Aliamini kwamba mtoto anakuja nyuma, na kundi linalofuata, na kama si hilo basi lile lingine.

Kwa hiyo siku ya kuandikishwa, alipoulizwa wako wangapi, alisema wawili. Kwa akili yake hakudanganya. Achol yuko njiani, akifika akute jina lake linamngoja. Wakamwandikia kadi ya chakula ya watu wawili. Kisha ikatangazwa kwamba watu watahesabiwa upya, kila mmoja asimame aonekane, na asiyeonekana jina lake litafutwa. Mama Achol alilia siku ile. Alisema wakimfuta Achol ni kama wamemzika.

Na mimi nilikuwa na mtoto wa miaka sita, mwembamba, mwenye njaa. Miaka mingi nimejiambia kwamba ni yeye aliyeniomba. Si kweli. Ni mimi niliyesema, mchukue Akiru asimame naye.

Nikakuvua shanga. Nikakunyoa kichwa chote, hata zile nywele za katikati tunazowaachia wasichana wetu. Nikakuvalisha fulana ya msaada iliyokufika magotini. Kisha nikakaa nawe chini nikiwa na karanga mkononi, nikakufundisha. Mtu mwenye karatasi akikuuliza jina, wewe ni nani? Achol. Na mama yako? Mama Achol. Mtu asiye na karatasi akikuuliza? Akiru. Kila ukijibu sawa ulipata karanga moja. Na mbele ya mwenye karatasi usiniite mama, nikakuambia, hata kama nimesimama pale, hata kama umeumia. Ulijifunza upesi. Siku ya kuhesabiwa ulipita karibu yangu umeshikwa mkono na Mama Achol, na hukunitazama hata kidogo. Nilijivunia, Akiru. Hilo nalo liandikwe.

Tangu siku ile ukawa unakula. Mama Achol alikuwa akitugawia nusu ya fungu la Achol kila siku ya mgao, mashavu yako yakarudi. Mimi nikaanza kuogopa kivuli changu. Nyumbani nilikuwa na kadi yako ya kliniki yenye jina la Akiru, na chanjo zako zote, na uzito wako tangu ukiwa wa kubebwa kwenye ngozi. Niliona mtu akiikuta atauliza mtoto huyu ana majina mangapi. Nikaiwashia makaa.

Basi tuje kwenye lori. Malori ya mahindi yakimaliza kushusha mzigo, watoto wetu walikuwa wakipanda kufagia punje zilizobaki kwenye nyufa za mbao. Siku ile nilikutuma mimi. Nilikupa kopo nikakuambia usishuke mpaka lijae. Nikapata mteja wa kuni, tukabishana bei, na nilipogeuka lori lilikuwa limekwenda. Sikushtuka, nilidhani umeshuka na wenzako. Jua lilipoanza kutua na wenzako wote wako kwao, ndipo nilipoanza kukimbia.

Nilikwenda kwa chifu. Alikuwa mzee mpole aliyechoka. Aliniuliza kadi ya kliniki, nikasema imepotea. Akaniuliza picha, nikasema hatujawahi kupiga. Basi nieleze alama zake, akasema. Nikamwambia ni mweusi, mwembamba, amenyolewa, ameng'oka meno ya mbele.

"Mama," akaniambia, "umenieleza watoto wote wa Kakuma. Ungekuwa umepoteza mbuzi ungenieleza mpaka sikio limekatwa namna gani."

Hakusema kwa ubaya. Ni kweli tupu. Hata leo naweza kukutajia mbuzi wa baba yako waliokufa na ukame ule, yule mwenye pembe iliyogeukia jicho, yule mwenye doa la majivu ubavuni. Lakini kovu la goti lako, ambalo nililiosha mimi mwenyewe kwa maji ya chumvi, sikukumbuka liko mguu gani. Kwetu mnyama ndiye anayepotea, ndiye anayeibwa, ndiye mwenye kuwekwa alama. Mtoto ana watu wake, nani atamchanganya na wa mwingine? Hivyo ndivyo tulivyofikiri. Na mimi, kwa mikono yangu, nilikuwa nimekutoa shanga na nywele na kadi, nikakuacha bila kitu kinachosema wewe ni wa nani.

Nilikuwa bado na jambo moja la kumwambia chifu, kwamba una jina la pili. Angepiga redio Lodwar jioni ile ile kwa majina yote mawili, na leo ningekuwa sina barua ya kuandika. Nilinyamaza. Niliogopa kufungwa.

Siku iliyofuata nilikutafuta kwenye laga. Nilichungulia kila kisima kilichochimbwa mchangani, nikiita, na kila nikiinama nilifunga macho kwanza kabla ya kutazama chini. Wachungaji niliwauliza, wakanielekeza huku na kule kwa huruma tu. Sikula, wala sikumbuki kama nilikunywa. Nakuambia haya ili ujue kwamba nilikutafuta. Kinachofuata kisikufanye udhani sikukupenda, ingawa ukidhani hivyo sitakulaumu.

Asubuhi ya pili nilivuka kwenda kwa Mama Achol. Alikuwa bado hajui kwamba umepotea, nilikuwa nimemficha kwa aibu ya kupoteza mtoto huku nikiuza kuni. Nilikwenda kumwambia, na kumwomba watu wake wasaidie. Kabla sijafika kwenye hema lake nikasikia vigelegele.

Aliniona kwa mbali akaja mbio, hana viatu, kitambaa cha kichwa kimemwanguka. Akanishika mabega yote mawili.

"Achol iko," akasema. "Achol imepatikana. Askari ya Lodwar amepiga redio kwa kambi, anasema mtoto msichana iko kwake, jina Achol, anasema mama yake ni mimi. Rabuna fi, Mama Akiru. Rabuna fi."

Mungu yupo, ndivyo wanavyosema watu wake. Nilielewa pale pale. Askari wa Lodwar alikuwa mtu wa "Kenya", kama tunavyowaita watu wa kusini, Kiturkana hajui, amekuta mtoto mwenye fulana ya msaada, amechukua karatasi na kalamu akamuuliza jina. Na wewe, mwanangu mtiifu, ulimjibu kama nilivyokufundisha. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha, maana uko hai. Kisha nikauona uso wa Mama Achol.

Wanawake walikuwa wakimzunguka wakiimba. Akanigeukia akacheka, machozi yanamtiririka, akaniuliza, "Akiru iko wapi? Mwite aje. Dada yake imepatikana."

Nikamjibu, "Yuko kwa nyanya yake."

Hayo maneno manne ndiyo yanayonifanya nisimame kila ukisimulia hadithi yako. Nimeyachunguza miaka yote hii nikitafuta kisingizio, na visingizio vipo. Niliogopa jela. Niliogopa kadi yake kukatwa kwa ajili yangu. Wale wanawake walikuwa wengi, na sauti yangu ilikuwa ndogo. Lakini chini ya hayo yote palikuwa na hesabu, na niliifanya haraka. Mimi nikienda Lodwar nitasema nini? Sina kadi, sina picha, sina alama, na mtoto mwenyewe amefundishwa kunikana. Yeye ana kadi iliyoandikwa Achol. Akienda yeye atapewa mtoto bila swali. Nilimhitaji aende, na ili aende upesi, bila kusitasita, nilimhitaji aamini. Nikaifanya furaha yake kuwa punda wa kunibebea mzigo wangu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema. Mimi niliujua. Nilikuwa nao tangu juzi yake jioni mpaka asubuhi ile, na bado nikamwachia mwenzangu auchukue akidhani ni furaha.

Nilimsaidia hata kujiandaa. Aliazima shuka safi kwa jirani. Akatoa chini ya godoro gauni la njano alilomshonea Achol tangu alipofika kambini, kwa kukisia, akiongeza upindo kila mara kwa kuwa mtoto anakua huko aliko. Akanionyesha, akaniuliza kama naona litamfaa. Alisema mimi ndiye ninayejua, kwa kuwa Achol na Akiru ni rika moja. Nikalishika lile gauni, nikapima kwa kiganja changu, nikamwambia litamfaa kabisa.

Kesho yake nilikaa kando ya barabara tangu mapambazuko. Alasiri alishuka kwenye gari la kambi akiwa amekubeba mgongoni, ingawa ulikuwa mkubwa wa kubebwa, nawe umelala. Ulikuwa umevaa gauni la njano. Hakwenda kwake. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipokaa, akakushusha taratibu mapajani mwangu, akasimama.

"Nimeenda kuchukua mtoto yangu," akasema. "Nimeleta yako."

Nilikushika, sikuweza kuinua kichwa. Kisha akasema, bila ukali, "Ulisema Akiru iko kwa nyanya."

Njia ilikuwa wazi mbele yangu, Akiru, pana kama barabara ya Lodwar. Nikasema, "Nilidhani yuko huko. Kumbe alitoroka, sikujua."

Na yeye akaniwekea mkono begani. "Wewe pia hukujua," akasema. "Pole, mama. Pole." Mimi nilikuwa nimekumbatia mtoto wangu, yeye hana wake, na ndiye aliyenipa pole. Niliipokea. Nikaitikia asante.

Mengine ya Lodwar alinisimulia baadaye sana. Askari alikuleta umemshika mkono. Mama Achol alikutazama, na alisema kwamba kwa muda mfupi alijaribu kukulazimisha uwe Achol, alitafuta kwenye uso wako kitu chochote cha kushika. Askari akauliza, "Ni wako?" Nawe uliona karatasi mkononi mwa askari, ukamwita mama, sawasawa na somo langu. Akafikiri, nikimkataa mtoto huyu atabaki hapa. Akasema, ni wangu, akaweka dole gumba. Alipotoka nje ndipo alipokaa chini kando ya ukuta. Fulana yako ilikuwa imelowa, akakuvua, akakuvalisha alichokuwa nacho. Ulimuuliza kama gauni ni lako, naye akasema ndiyo. Ndilo gauni lile ulilolivaa mpaka likachanika, ambalo hata leo unasema hujawahi kupata nguo nzuri kama hiyo.

Wiki ile ile alikwenda ofisini kambini kusema kwamba Achol wake hajawahi kufika. Alikuwa ameelewa jambo njiani, akiwa nawe mgongoni: maadamu kuna mtoto anayekula kwa jina la Achol, hakuna mtu duniani atakayemtafuta Achol. Karatasi zinasema yuko Kakuma, mzima, anakula. Wakamkemea sana, wakamkata fungu moja. Wakamuuliza ni mtoto wa nani aliyesimama siku ya kuhesabiwa. Akasema hajui, ni mtoto wa njiani tu. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake kwenye benchi ile ile, nimemsindikiza kama rafiki.

Kisha wakamwambia aeleze alama. Naye hakuwa na picha, hana kadi, kila kitu kilibaki Sudan. Alifunga macho, akaanza utosini. Kishungi cha nywele kinachozungukia kushoto. Ndewe moja ya sikio fupi kuliko nyingine. Kovu la uji wa moto kwenye kiwiko cha kulia, lina umbo la jani. Kidole cha pili cha mguu kirefu kuliko kidole gumba. Anapolala hufumbata dole gumba ndani ya ngumi. Akisema uongo hukuna shingo. Aliendelea mpaka mwandishi akaweka kalamu chini kupumzisha mkono. Nilirudi nyumbani nikakuvua nguo nikakutazama kwa mara ya kwanza tangu ulipokuwa mchanga, kiungo kwa kiungo, nawe ukicheka kwa kutekenywa. Bahasha ilianza jioni ile.

Achol hakupatikana. Unajua hivyo, ila hukujua kwamba muda ule wote aliokuwa anahitaji kutafutwa, wewe na mimi tulikuwa tunakula kwa jina lake. Wewe huna kosa. Ulikuwa mtoto, uliambiwa. Kosa ni langu.

Kwenye bahasha kuna karatasi moja isiyo yako. Ni alama za Achol, nilizoandika kwa kumsikiliza mama yake tena, polepole. Kaa nayo Lodwar. Shuleni watakuja wasichana wa kila pande, wa Lokichar, wa Kainuk, na wa kambini wanaolipiwa karo. Sikuambii uwavue wenzako viatu, ulishanijibu juu ya hilo. Lakini ukiona kiwiko chenye jani, kuuliza si ujinga.

Na bahasha sasa ni yako, mimi nimemaliza. Ukitaka kuandika humo andika, ukitaka kuchana picha ile ya kiatu ichane, nimekuruhusu. Sikukuwekea ili nikumiliki. Nilitaka siku nikiulizwa tena, nijue.

Kuna jingine ninaloliona kwako, linaniuma. Mwalimu au karani akikuuliza jambo akiwa na karatasi mkononi, wewe msichana wa maneno mengi unapoa, unamtazama usoni kwanza ujue anataka kusikia nini. Wanakusifu kwamba una adabu. Mimi najua karanga zile zilifanya nini. Kama unaweza, jifunze upya. Mtu akikuuliza jina lako sema jina lako, awe na karatasi asiwe nayo. Na usije ukaficha neno kwa kulinda mtu, hata kama mtu huyo ni mimi. Mficha uchi hazai, na mimi kwa kuficha nilikaribia kukuzaa bure.

Sasa lililobaki. Kesho Mama Achol atavuka laga aje kukuaga. Atakushika uso kwa mikono yote miwili, atakutazama mpaka uone haya. Simama tu. Anapima Achol angekuwa na urefu gani.

Mpaka hivi leo hajui kwamba asubuhi ile ya vigelegele nilijua. Ananiamini. Tumekunywa chai pamoja miaka yote hii, alinishika mkono siku ya kumzika baba yako, na mara mbili tatu nimemsikia akiwaambia watu, Mama Akiru ndiye dada yangu niliyepewa na Mungu huku Kenya. Kesho, kabla lori halijaondoka, nitamwambia. Inawezekana ataondoka na asirudi tena hapa, na ni haki yake. Ukishakwenda wewe, ndiye mtu pekee niliyebaki naye, na naogopa. Nimekuandikia wewe kwanza, uisome alfajiri kabla hajafika, ili nisiwe na pa kukimbilia.

Lakini najijua. Akifika nitamsalimu ejok, nitauliza habari za mvua, nitatoka kutafuta sukari kwa jirani wakati sukari ipo. Ukiniona hivyo usinionee huruma. Yeye Kiswahili cha kuandikwa hasomi, kwa hiyo itabidi nimsomee. Niwekee barua hii mkononi, uifungue pale kwenye vigelegele, kisha kaa katikati yetu mpaka nimalize kusoma. Lori likipiga honi, liambie lisubiri.

Mama yako